Pikapu Kuukuu Uani: Fedha Kidogo na Mpango Mwema

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu jambo ambalo watu wengi huliuliza, nalo ni hili: mtu aliye na pikapu kuukuu iliyolala uani miaka mingi, au aliyeuziwa moja kwa bei ndogo, naye hana fedha za kuipeleka gereji kubwa, je, aweza kuihuisha nyumbani kwake kwa pato lake la kawaida? Jawabu langu ni kwamba aweza, na aweza vizuri, ila kwa sharti moja ambalo nitalisema sasa na nitalirudia tena, kwa kuwa ndilo kiini cha maneno yangu yote. Nafuu haiko katika vipuri vya bei rahisi. Nafuu iko katika kujua kipi kitangulie na kipi kifuate.

Ili maneno yetu yasiwe ya jumla mno, natuchukue gari moja tunalolijua sote, nalo ni pikapu ya Peugeot 504. Gari la abiria la jina hilo lilitoka Ufaransa mwaka 1968, likashinda mashindano ya Safari Rally katika nchi yetu mwaka 1975, na tena mwaka 1978. Na pikapu yake, iliyozuka mwishoni mwa miaka ya sabini, iliunganishwa hapa hapa Kenya kwa muda mrefu, na magari ya 504 yaliendelea kuunganishwa nchini hata mwaka 2004. Ni nani miongoni mwetu, aliyekwisha kuwa mtu mzima, asiyeikumbuka? Ndiyo iliyochukua miraa kutoka Meru kabla ya mapambazuko, ndiyo iliyofunikwa bodi na turubai ikawa matatu ya mashambani, na huku kwetu pwani ndiyo iliyoshusha nazi na maembe masokoni. Ami yangu alikuwa na moja ya namna hiyo, na watoto wa mtaa tuliijua sauti yake kabla haijapinda kona.

Kumbukumbu hizo ndizo sababu ya kwanza ya kuzihifadhi pikapu hizi zilizobaki, na tena kuna sababu ya pili. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa nchini gari lililotumika ambalo limepita miaka minane tangu kusajiliwa kwake mara ya kwanza. Kwa hivyo pikapu za umri huo ni zile tu zilizokwisha kuwako, na kila moja inayokatwakatwa kuwa chuma chakavu haina badala yake.

Na sababu ya tatu ni usahili wa maumbile yake. Ile ya petroli haina kompyuta. Moto wa plagi hutoka kwenye distribyuta yenye pointi ambazo mtu huzisafisha kwa msasa mwembamba, na petroli hupitia kabureta iwezayo kufunguliwa juu ya meza ya kawaida. Silinda zake hazikuchongwa ndani ya bloku yenyewe, bali ni slivu zilizochomekwa na kuzungukwa na maji, ambazo zikilika huchomolewa na kutiwa nyingine, bila ya haja ya kuipeleka bloku kwenye mashine ya kuchonga. Yule aliyeibuni injini hii ni kana kwamba alimfikiria fundi aliye mbali na mji, na kwa hilo anastahiki shukrani zetu.

Sasa, wasikilizaji wangu, natujiulize swali la kwanza: fedha hupotelea wapi? Kwa nini tunaona uani kwa watu magari yaliyofunuliwa boneti, viti vikiwa barazani, milango ikiwa imeegemezwa ukutani, na kuku wametaga ndani ya kebini? Aghalabu mambo mawili ndiyo yaliyoleta hali hiyo. La kwanza ni mtu kuanza na kile kinachoonekana, yaani rangi, viti na redio, kwa sababu macho hufurahi upesi. Fedha zikaisha ilhali breki hazishiki. La pili, nalo ni baya zaidi, ni kulivunja gari lote kwa siku moja kwa hamasa, hata ikawa haijulikani bolti ipi ilitoka wapi. Gari lililotawanywa lote huhitaji fedha zote kwa wakati mmoja. Lakini gari linalofunguliwa sehemu moja, sehemu hiyo ikatengenezwa, ikarudishwa, ndipo ikafunguliwa nyingine, huenda na mwenyewe kwa kadiri ya mshahara wake, mwezi baada ya mwezi. Basi tusikilizane vyema hapo: fungua kimoja, kimalize, kirudishe. Bolti za sehemu moja zitie katika mkebe mmoja, uandike juu yake zilikotoka, na kabla ya kuchomoa waya au mrija wo wote piga picha kwa simu yako.

Haya, tuanzie wapi? Tuanzie chini.

Kabla hujanunua hata plagi moja, chukua tochi, bisibisi na nyundo ndogo, ulale chini ya gari hilo ulikague. Na hapa yanipasa kutoa hadhari yenye uzito kuliko yote nitakayoyasema leo. Gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake si gari la kuingiwa chini. Huku pwani tuna ada ya kuliegemeza gari juu ya matofali ya saruji au ya mawe ya matumbawe, nayo ni ada ya kuachwa kabisa, kwa kuwa jiwe la namna hiyo halitoi ishara. Hukaa, hukaa, kisha hupasuka kwa mara moja. Nunua stendi za chuma mbili, au nne ukiweza, uziweke juu ya sakafu ngumu, uzuie magurudumu yasisogee, ulitikise gari kwa mkono kabla hujaingia. Stendi hizo ziwe ndizo fedha zako za kwanza kutoka mfukoni.

Ukiwa huko chini, gongagonga na usikilize. Chuma kizima hulia, na chuma kilicholiwa hujibu kwa sauti iliyozibwa. Pale unapotilia shaka, sukuma bisibisi, na ikiingia umepata habari yako. Angalia sakafu chini ya mazulia, hasa pale dereva anapoweka miguu. Angalia vizingiti vya chini ya milango, ukingo wa chini wa kioo cha mbele, na chini ya boneti pale zinaposhikwa springi za mbele. Kisha uende nyuma, utazame mihimili inayobeba bodi ya mizigo na mahali springi za nyuma zinapofungwa. Kwa nini pwani magari huliwa kuliko bara? Kutu ni chuma kilichokutana na maji na hewa. Na maji yakiwa na chumvi huupitisha umeme mdogo wa kikemia kwa wepesi zaidi, basi kazi ambayo ingechukua miaka huisha kwa misimu michache. Upepo wa bahari huileta chumvi hiyo, nayo hujificha ndani ya mihimili iliyo wazi katikati, ambayo vitundu vyake vya kutolea maji vimezibwa na tope. Vizibue vitundu hivyo siku ya kwanza. Ni kazi isiyogharimu cho chote, nayo huongeza umri wa gari.

Kutu ya juu juu huondolewa kwa brashi ya waya na msasa, ikapakwa dawa yenye asidi ya fosfori igeuzayo kutu kuwa ngozi ngumu, kisha praima. Lakini palipotoboka, au palipokuwa pembamba, hapana dawa ila kukata mpaka ufikie chuma kizima, na kuchomelea bati jipya. Wako mafundi watakaokwambia ujaze puti, upige msasa, upake rangi, nalo gari litang'aa siku hiyo hiyo. Ndugu zangu, kupaka puti juu ya kutu ni kama kufunika jipu kwa kitambaa cha hariri. Maji hupenya nyuma yake, na baada ya masika moja au mbili rangi hufura, puti huanguka, na tundu lililokuwa la upana wa shilingi limekuwa la upana wa sahani.

Na kama hujui kuchomelea? Usijifunze kwenye mhimili wa gari. Fanya wewe ile kazi ndefu isiyohitaji ustadi, yaani kusafisha, kukwangua, kukata kiolezo cha karatasi ngumu na kukihamishia kwenye bati, ambalo kwa sakafu latosha kuwa la unene wa takriban milimita moja. Kisha umwite fundi wa kuchomelea aje na mashine yake kwa siku moja, akute kila kitu tayari. Hapo ndipo fedha inapookolewa kwa haki, kwa sababu unamlipa fundi kwa maarifa yake, hulipii saa za kukwangua tope. Mwambie achome vipande vifupi vifupi, huku na huku, kwani bati jembamba likipata moto mrefu hupinda. Kabla hajawasha mashine, fungua nyaya za betri na za alteneta, na ulitoe tangi la petroli uliweke mbali. Tangi tupu ni la hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa linalolipuka ni mvuke. Basi tangi lililotoboka lipelekwe kwa fundi wa matangi mwenye kujua namna ya kuliosha, na asilichome mtu mwingine ye yote.

Kisha, iwapo umekuta kwamba mihimili imeliwa hata springi za nyuma hazina pa kushika, rai yangu ni hii bila ya kificho: liache gari hilo. Litoe vipuri, utafute jingine lenye mifupa mizima, hata kama injini yake imekufa. Injini hununuliwa; mifupa hujengwa kwa fedha nyingi, na mara nyingi haiwi sawa tena.

Baada ya chuma kinachobeba, kifuate kinachosimamisha. Pikapu hii ina breki za diski mbele na za ngoma nyuma. Fungua ngoma, utazame kama silinda za magurudumu zinavuja. Kagua mirija ya chuma iendayo nyuma, kwa maana nayo huliwa na chumvi, na mipira inayopinda, kama imekwisha kupasuka. Katika sehemu hii usinunue kilichotumika. Mipira, raba za masta silinda na viatu vya breki viwe vipya, na oili ya breki itolewe yote, kwa sababu hunyonya unyevu wa hewa, na maji hayo huitafuna silinda kwa ndani, na breki zikipata moto mteremkoni hugeuka mvuke, mguu ukazama mpaka sakafuni. Wala usithubutu, hata kwa siku moja ya dharura, kutia oili ya injini mahali pa oili ya breki. Hufurisha raba zote na kuziharibu. Usukani na bushi zake ukaguliwe wakati huo huo.

Sasa tumefika kwenye injini, na najua wengi wenu ndiyo mliyokuwa mkiingoja. Je, injini iliyolala miaka yaweza kuamka? Mara nyingi yaweza, ikiwa hatuna pupa nayo. Mtu huleta betri, huchokonoa starta, na zile ringi zilizogandana na kutu ya silinda hukwaruza au huvunjika, na injini iliyokuwa nzima ikaharibiwa kwa dakika moja. Badala yake toa plagi zote nne, udondoshe oili nyepesi kidogo ndani ya kila silinda, uiache siku kadhaa. Kisha, gia ikiwa huru, uizungushe kwa spana kwenye nati ya pulii ya mbele, taratibu, mbele na nyuma. Ikizunguka, mwaga oili ya zamani na utie mpya na filta mpya, toa petroli iliyochacha, safisha tangi na kabureta, safisha pointi, na nyaya za plagi zifuate mpango wa 1, 3, 4, 2. Hapo ndipo betri iletwe.

Kabla hujaamua kwamba injini yataka kufunguliwa, azima kipimo cha kompresheni, upime kila silinda. Kinachotakikana zaidi ni ulinganifu. Ikiwa moja iko chini kuliko wenzake, tia kijiko cha oili ndani yake upime tena: ikipanda, udhaifu uko kwenye ringi, isipopanda, uko kwenye valvu au gasketi ya hedi. Tazameni, wasikilizaji wangu, jinsi kipimo hicho kidogo kinavyoweza kumwokolea mtu fedha za kuifungua injini nzima kwa kukisia.

Adui mkubwa wa injini hii ni joto. Bloku yake ni ya chuma cha kusubu na hedi yake ni ya aluminiamu, na metali hizi mbili hazitanuki sawa. Injini ikichemka, hedi hupinda na gasketi huungua. Na ugonjwa huu twauleta wenyewe kwa kutia maji ya kisima katika rejeta, na sote twajua visima vyetu vya pwani vilivyo na chumvi, ambayo huila aluminiamu pole pole mpaka njia za maji zikawa kama nyavu. Rejeta izibuliwe, termostati irudishwe mahali pake, kwani ipo tabia ya kuiondoa na si tabia njema, na litiwe kulanti lenye dawa ya kuzuia kutu, likichanganywa na maji yaliyosafishwa. Gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na ya hedi.

Vipuri je? Nairobi kuna Kirinyaga Road, na ndugu zetu wa Dar es Salaam wana Gerezani. Na kila mji una mahali pake. Vilivyotumika vinafaa katika milango, vioo, taa, giaboksi na difu, madhali umevikagua. Chukua kipuri chako cha zamani mkononi, ukilinganishe na cha muuzaji, na uulize bei mahali zaidi ya pamoja. Na ukiletewa kitu kipya cha thamani kwa bei isiyoingia akilini, na muuzaji hana risiti, mwachie. Huenda kimetoka kwenye gari la mwenzako usiku wa jana.

Kuhusu waya za umeme sitarefusha maneno. Badilisha zilizokatika, safisha mahali zinapofungwa kwenye bodi, kwa kuwa maradhi mengi ya taa hutoka hapo, na kila njia iwe na fyuzi yake.

Ndipo sasa, baada ya yote hayo, tukaifikia rangi, na hapa nalirudia lile sharti nililolisema mwanzo: nafuu iko katika mpango. Rangi ni ya mwisho, kwa sababu kila kilichoachwa nyuma yake kitaichana. Nyumbani hakuna chumba cha kupulizia, lakini rangi ya kawaida yaweza kupulizwa uani, au hata kupakwa kwa brashi njema na roli, safu nyembamba nyembamba, msasa wa maji kati yake. Uani panyunyizwe maji ili vumbi lilale, na saa iwe ile ambayo umande umekwisha kukauka na upepo haujashika nguvu. Wakati wa masika ni afadhali kungoja, maana unyevu huifanya rangi ya selulosi iingie ukungu mweupe. Ziko pia rangi zinazochanganywa na dawa ya kukazia. Hung'aa sana, lakini mvuke wa dawa hiyo hudhuru mapafu, na kile kitambaa cha puani hakiuzuii. Basi hizo tuwaachie wenye vyumba na vifaa vyake, hasa ikiwa nyumbani mna watoto.

Oili chafu nayo isimwagwe uani. Ardhi yetu ya matumbawe ina vinyweleo, na kinachomwagwa juu hufika kwenye kisima cha jirani. Iwekwe katika dumu, ipelekwe kwa wanaoikusanya.

Na kuhusu hati: kabla hujatoa fedha, hakikisha kwamba namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma ndiyo iliyoandikwa katika logibuku, na kwamba anayekuuzia ndiye mwenye jina. Namba hiyo isikatwe wala isichomelewe juu yake wakati wa kazi, kwani gari lisilo na namba, lingawa zuri kama jipya, haliwezi kuandikishwa.

Nina ombi moja, nalo nalielekeza kwa walio na magari ya namna hii na hawana azma ya kuyatengeneza. Wanunuzi wa chuma chakavu hupita mitaani kila siku, na pikapu nzima huuzwa kwa uzito wake kana kwamba ni mabati ya paa. Kabla hamjaipandisha kwenye mizani, muulizeni kijana wa mtaani mwenye hamu ya ufundi, au fundi mzee aliyezijua pikapu hizi tangu zikiwa mpya, aje aitazame kwa chini. Ikiwa mihimili yake ni mizima, mwuzieni yeye, hata kwa kulipa kidogo kidogo.